Swali la Mtaita, Jibu la Mjaluo

Mwanangu Atieno,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umelala chumba cha pili, na mdogo wako Akoth amekukumbatia shingoni kana kwamba meli ya Kisumu itaingia humu ndani kukuchukua. Nakusikia ukikoroma. Utakataa, lakini unakoroma. Basi salamu naziruka, niende kwenye neno lenyewe.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuosha masufuria wala kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema tangu ulipoanza kutambaa, na yale niliyoyasahau shangazi yako wa Nairobi atayasema, maana Mungu hakumnyima mdomo. Barua hii naificha ndani ya ile sweta ya kijani ambayo hutaki kuivaa. Siku utakayonijibu ndipo nitajua kwamba baridi ya huko imekufundisha adabu.

Kilichoniketisha ni neno ulilosema leo tukila. Ulisema, "Mama, wenzangu wanakwenda kushika wagonjwa. Mimi nakwenda kutoboa karatasi." Kisha ukasema usipoipenda hiyo kazi utarudi kabla ya Krismasi. Ulisema ukicheka, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, kicheko chako nakijua na kile hakikuwa chenyewe. Baba yako akasukuma sahani, akatoka nje. Ukainamisha kichwa ukidhani umemkasirisha, na umelala na dhana hiyo. Hukumkasirisha, nyathina, mwanangu. Nitakuambia alikwenda wapi, ila kwanza nina jambo refu kidogo.

Najua ulitaka uuguzi. Barua ya chuo ilipokuja na jibu la hapana, ulikaa jikoni mchana kutwa ukisema ni moshi. Ilipokuja ya pili, ya wizara, kwamba wamekuchukua kujifunza zile mashine za kutoboa kadi za habari za wagonjwa, ulisema "sawa" kwa sauti ya mtu aliyepakuliwa ugali wa jana. Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Ukaniangalia kama mwendawazimu. Sikukueleza kwa nini, kwa sababu ningelia mbele ya jirani. Kwenye karatasi machozi hayaonekani.

Mwaka ule baba yako alipougua ulikuwa shule ya bweni, na mtihani ulikuwa mlangoni. Tulikuandikia maneno machache: baba anaumwa, anatibiwa, wewe soma. Uliporudi likizo alikuwa amepona, amekonda tu, na sisi tulikuwa tumechoka kusimulia. Kwa hiyo habari hii unayo vipande vipande. Leo nakupa nzima.

Unajua nyumba yetu ilivyo. Baba yako Mjaluo wa Alego, mimi Mkuria wa Kehancha. Tulikutana misheni upande wa Migori tukifundishwa ubatizo, yeye hajui Kikuria hata neno la kuombea maji, na Dholuo yangu ilikuwa ya kununulia samaki. Kiswahili ndicho kilichotuoza. Leo Dholuo naigombea sokoni Rodi Kopany kama waliozaliwa nayo, lakini jambo la moyoni bado nalisema kwa lugha ile tuliyochumbiana.

Bonde hili la Lambwe tulilifuata kwa sababu ya ardhi. Baba yako aliijenga nyumba hii kwa mikono yake, akapanda ua, na wadogo zako wakazaliwa humu humu. Lakini mtu akimuuliza kwao ni wapi, anajibu Alego. Nilipokuwa bibi harusi nilidhani ananitania. Namwambia, "Odera, na hapa je?" Ananijibu, "Hapa ni pahali ya kulala tu. Dala iko Alego." Dala, lile boma la babu yako, ambako kondo la baba yako lilizikwa alipozaliwa. Mwanamume anaweza kukaa kwingine mpaka mvi zikamwota masikioni, bado dala ni ile. Na si yeye peke yake. Majirani zetu wengi hapa bondeni walitoka kwingine, mmoja Gem, mwingine Seme, mwingine Kano. Mtu meno yamemwisha akila mahindi ya Lambwe, ukimuuliza kwao anakuonyesha kwa kidole ng'ambo ya ziwa.

Mimi niliyatania hayo miaka yote. Sikujua kama yangetugharimu.

Ugonjwa ulimwanza kwa hasira. Wewe unamjua baba yako, mtu wa kuimba akipiga randa. Ghafla akawa mkali, akatupa nyundo, akamfukuza mbwa wake mwenyewe. Halafu usingizi. Analala mchana juani, anaamka usiku kutembeatembea uani. Siku moja alisinzia na tonge mkononi, halijafika mdomoni. Na mimi, mkewe mwema wa misheni, nilimgombeza. Nilimwita mvivu mbele ya watoto. Nikasema mwenzangu amezeeka mapema ili aniachie jembe. Hilo neno ningelimeza leo kama lingekubali kurudi.

Ndugu zake walipokuja walisema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa katika ujenzi wa nyumba, arudi Alego akatengeneze mambo. Wakaleta majani ya kuchemsha. Nikachemsha. Nilichemsha mpaka sufuria likaota rangi ya kijani, kwa maana mke wa kabila lingine akikataa dawa ya wakwe na mume akafa, hatasikia mwisho wake. Niliogopa maneno ya watu kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Mwishowe ni Mungu asiye na kabila aliyenipa akili: nilimwona baba yako akimwangalia Akoth asimkumbuke jina. Kesho yake nilisimamisha lori la pamba, nikampakia.

Hospitalini karani alimuuliza maswali kama anavyomuuliza kila mtu. Jina? Umri? Kwenu? Baba yako alikuwa amesinzia begani kwangu, lakini aliposikia swali la tatu alifumbua macho, akakaa wima kama askari. "Alego," akasema. Karani akaandika. Mimi nilifurahi kwamba ameamka.

Walimchoma mgongoni kutoa maji, wakaona ni malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Wakaanza sindano zilizopita mshipani mwake kama pilipili. Aliuma meno akazivumilia. Mimi nilikaa kwenye veranda siku nzima nikifuma sweta za watoto, kwa sababu mikono ikikaa bure moyo unaanza kutembea.

Kwenye veranda hiyo ndipo nilipomwona Bwana Mwakio.

Alikuwa Mtaita, mrefu, mpole wa kusema, mwenye Kiswahili cha kunyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Alitoka Nairobi na kundi la madaktari waliokuwa wakitafiti malale. Wao walishika darubini, yeye alishika sanduku la kadi, akiwauliza upya wagonjwa wa malale maswali yale yale ya karani. Nilimdharau kidogo, nikuambie kweli. Nilimwona amekaa na karatasi wakati wenzake wanagusa wagonjwa, nikasema moyoni, huyu naye amekuja kufanya nini? Unaona, mwanangu, dharau yako ina mama yake.

Siku moja alinijia akiwa ameshika sindano iliyopinda. "Mama Atieno," akasema, "naomba uniazime sindano yako ya kufumia. Yangu imekaliwa na dereva." Nikadhani anataka kufuma. Akacheka, akaniambia njoo uone.

Kadi zake zilikuwa ngumu, na pembeni pande zote zilikuwa na matundu madogo. Kila tundu na maana yake. Mgonjwa akiwa mwanamume, tundu fulani linakatwa kwa mkasi mpaka ukingoni, libaki wazi kama pengo la jino. Akiwa mchungaji wa ng'ombe, tundu lingine. Akitoka Gem, lingine. Ukitaka kujua wa Gem ni nani, unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano kwenye tundu la Gem, unanyanyua na kutikisa. Waliokatwa hapo wanadondoka, waliobaki wananing'inia. Alinipa nitikise mwenyewe. Nilitikisa, kadi chache zikaanguka, na nilicheka kama mtoto. Sindano ile ile iliyofuma mkono wa sweta ilikuwa inachagua watu.

Lakini yeye hakucheka. Kila alipotikisa kwa jina la mahali, zilidondoka mbili hapa, tatu pale. Alego kidogo, Gem kidogo, Kano kidogo. Aliniambia, "Ugonjwa huu hautawanyiki hivi, mama. Mbung'o haruki kutoka Alego hadi Kano kuuma mtu mmoja mmoja. Kuna mahali anakaa. Mimi ndiye nisiyepaona." Na kwa sababu hapakuonekana, watu wa kupiga dawa na kufyeka vichaka walikuwa wakitumwa mbali huko, ng'ambo ya ziwa, wakirudi mikono mitupu. Hapa kwetu hakufika mtu. Kijito chetu kiliendelea kupita kwenye kichaka chake, na Akoth akaendelea kuchota maji.

Siku baba yako alipopewa ruhusa ya kutoka, hospitali ilitoa lori la kuwarudisha waliopona. Tulipanda sisi, wakapanda na wazee wengine watano waliolala naye wodi moja. Bwana Mwakio alikuwa amesimama pale chini na sanduku lake kwapani, akituaga. Akawatazama mmoja mmoja. Nikaona uso wake unabadilika.

"Wazee," akasema, "hili lori linakwenda Lambwe."

"Tunajua," akajibu mzee mmoja wa Seme.

"Wewe uliniambia kwenu ni Seme."

"Ndiyo. Kwetu Seme."

"Na wewe, Mzee Odera, uliniambia Alego."

Baba yako akamwangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeuliza kama jua ni moto. "Ndiyo, mimi mtu ya Alego. Hata baba yangu mtu ya Alego. Hii lori inipeleke kwa nyumba yangu."

Bwana Mwakio alilitazama sanduku lake la kadi. Dereva akawasha injini. Nilidhani atapiga kelele, kwamba wazee hawa wamempotezea miezi, maana ningekuwa mimi ningepiga. Badala yake aliweka sanduku lake juu ya lori, akapanda, akaketi kwenye gunia katikati yetu na shati lake jeupe. Akaanza kucheka polepole, mpaka machozi yakamtoka.

"Wazee wangu, nisameheni," akasema. "Nimeuliza swali la Mtaita, nikapewa jibu la Mjaluo. Na mkiniuliza mimi kwetu nitawaambia Wundanyi, wala sijalala huko tangu niajiriwe."

Wazee nao wakacheka. Mzee wa Seme akamwambia, "Sasa wewe umekuwa mtu."

Njia nzima aliangalia tu. Lori liliposimama kumshusha wa Seme, alishuka naye, akatazama nyumba, akauliza kisima kiko wapi. Wa Kano vivyo hivyo. Wa Gem vivyo hivyo. Wote walishukia kandokando ya kijito kimoja, kijito chetu. Sisi tulikuwa wa mwisho, na yeye akashuka na sanduku lake akaomba maji ya kunywa. Alipoletewa alikiangalia kikombe kwa muda kabla ya kunywa, halafu akanywa.

Alikaa hapa bondeni wiki ile yote. Akawarudia wagonjwa mmoja mmoja, waliopo nyumbani na waliobaki wodini, na swali jipya. Hakuuliza tena kwenu ni wapi. Aliuliza, "Ulilala wapi kabla ya kuugua? Maji mnachota wapi? Ng'ombe wanapita wapi?" Maswali ya mtoto. Nilikwenda naye kwenye baadhi ya nyumba ili wake wasimwogope. Nilimwona mtu mzima, msomi, amechuchumaa mbele ya bibi kizee asiyesikia vizuri, akirudia swali lile lile kwa upole mara ya tatu na ya nne, na jibu lilipokuja akashukuru kama aliyepewa kuku. Mimi nimesikia wachungaji wakihubiri unyenyekevu, na machifu wakiuhutubia. Pale ndipo nilipouona. Nilimpenda mtu yule, na baba yako anajua, nilimwambia. Akasema hata yeye.

Jioni ya mwisho alimwaga kadi zote kwenye meza hii ninayoandikia. Baba yako aliketi pale mlangoni, bado mnyonge. Bwana Mwakio alikuwa amekata tundu jipya, la kijito. Akazipanga, akaniomba tena sindano. Akanyanyua, akatikisa.

Zikamwagika, Atieno. Zilimwagika kama punje unapopura mahindi, zikateleza mezani, nyingine zikaanguka chini. Kwenye sindano zikabaki chache tu zikining'inia. Baba yako akainuka, akaja taratibu, akaanza kuziokota zilizoanguka chini. Akaikuta yake, maana jina lake anajua kulisoma. Akaishika muda mrefu.

"Kumbe mimi niko hapa," akasema.

Tulikuwa tumeoana miaka mingi, na sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo.

Ningependa barua iishie hapo kwa furaha, lakini Bwana Mwakio hakuwa amemaliza. Alinigeukia. Akoth alikuwa mlangoni akirukaruka kamba, anaimba, mashavu yamejaa. Akaniuliza, "Mama Atieno, binti yule anachota maji wapi?"

Nilijifanya sikumsikia. Nilikuwa nimeshamwambia asubuhi ile kwamba watoto wangu hawachomwi kidole. Huku watu walikuwa wanasema damu inapelekwa kusikojulikana, na mimi, pamoja na ubatizo wangu, nilikuwa nimeamini nusu. Tena mtoto ni mzima, anacheza, kwa nini nimwumize? Aliye mzima haendi kwa daktari. Ndivyo tulivyojua.

Hakunibishia. Hakuniambia mimi ni mjinga. Alisubiri tu, kadi zimetapakaa mezani mbele yetu. Nikaziangalia. Nikamwangalia Akoth. Wakati mwingine mtu hashindwi kwa maneno, anashindwa na kile alichokiona kwa macho yake.

"Pale pale," nikasema. "Kila siku."

Asubuhi daktari alikuja na darubini. Damu ya Akoth ilikuwa na wale wadudu.

Sikuambii nililia vipi, kwa sababu ulisikia habari hiyo kama neno moja katika barua, "Akoth naye alipata sindano." Lakini ujue hivi. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa bado kwenye damu tu, haujafika kichwani, na katika hatua ile dawa yake ni nyepesi kuliko ile ya baba. Ungefika kichwani wakati mimi nikisubiri aanze kusinzia na tonge mkononi. Na mwili wa mtoto si mwili wa fundi seremala. Yule msichana anayekukumbatia sasa hivi, aliyekufichia kiatu kimoja ili usisafiri (kiko ndani ya mtungi, nimekitoa), yuko hai kwa sababu mtu aliyeshika karatasi alikataa kuridhika na jibu.

Hakuna muuguzi aliyemwona kwanza. Muuguzi alimtibu, na Mungu ambariki. Lakini aliyemwona kwanza ni kadi.

Baadaye wakaja vijana wa kufyeka kichaka, wakaja na watu wa dawa, safari hii mahali penyewe. Bwana Mwakio alipokuwa akifunga sanduku lake nilimuuliza kadi zinakwenda wapi. Akasema zinapelekwa Nairobi, na kwamba huko sindano haitoshi, kwa sababu kadi za nchi nzima zinakusanywa, za kifua kikuu, za surua, za akina mama waliojifungua. Kuna mashine za kutoboa na za kuchagua, na wasichana wameketi mstari mmoja wakizitoboa. Akasema, "Wasichana hao hawatamwona Akoth hata siku moja. Lakini mmoja wao akitoboa pasipo pake, Akoth wa mahali fulani hataonekana."

Nilikwenda na neno hilo mpaka usingizini. Tangu wakati ule, Atieno, kila Sabato nimekuwa nikiwaombea wasichana wale. Sikujua majina yao wala sura zao. Nilisema tu, Bwana, waangalie wale wasichana wa Nairobi wanaotoboa kadi, wasisinzie, wasiumwe mgongo, wapate chai. Mzee wa kanisa aliwahi kuniuliza ni akina nani hao, nikamwambia ni ndugu zangu.

Basi nilipoisoma barua ya wizara, unashangaa nini nikipiga vigelegele? Nilikuwa nakuombea wewe, mwanangu, na sikujua.

Sikuambii usitamani uuguzi. Tamani tu, na mlango ukifunguka uingie. Ila usiende Nairobi kama mtu aliyeachiwa makombo. Wewe ndiwe mtoto uliyemfanya mwalimu wa hesabu arudie ubao mzima kwa sababu ya tarakimu moja, na ukamkera mpaka akakupenda. Wewe ndiwe unayeuliza "kwa nini" mpaka kuku wanatoka nje. Nilikuwa nakukemea kwa tabia hiyo, na sasa naiona ni kazi ya mtu. Siku utakapokuta kadi isiyofanana na wenzake, usiicheke wala usiitupe. Pengine aliyejibu hakukosea, pengine aliulizwa vibaya. Haya, nimeanza kuhubiri. Naacha.

Nilikuahidi kukuambia baba yako alikwenda wapi.

Alikwenda kwenye karakana yake. Nilimfuata baada ya wewe kulala. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku lako, lile alilokutengenezea ulipoanza bweni, na taa ameiweka chini. Unakumbuka kifuniko chake kimeandikwa nini kwa rangi nyeupe: REBEKA ATIENO ODERA, ALEGO. Ndivyo alivyoandika masanduku yenu yote. Alikuwa amekwisha kulikwangua neno la mwisho kwa msasa, na mkono wake bado unatetemeka kidogo tangu ugonjwa, kwa hiyo herufi zilikuwa zinamchukua muda.

Nilisimama nyuma yake. Alijua nipo.

"Akipotea njiani," akasema bila kugeuka, "wamrudishe kwake."

Alego bado anaipenda, usidhani imemtoka. Atakwenda mwezi ujao kumwona kaka yake kama kawaida, na ukimuuliza kwao atakuambia. Lakini sanduku lako limeandikwa LAMBWE. Herufi ya mwisho imekwenda upande, naye anataka kuirudia, nimemkataza.

Utaliona asubuhi kabla hatujalipakia, na kwa kuwa barua hii hutakuwa umeisoma, nitakunong'oneza hivi: Usimwambie kitu, ataona haya. Mshike mkono tu. Na usiguse kifuniko, rangi bado mbichi.

Mama yako